Maswali Sita Yaliyokubaliwa Kampala



Mhariri ameniomba niandike machache juu ya kazi niliyoifanya baada ya kuondoka shuleni. Nimechagua jambo linaloonekana dogo, nalo ni namna ya kumwuliza mtu swali. Natumaini mtaona kuwa si dogo hata kidogo.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Agosti 2014 ulikuwa usiku wa hesabu ya watu katika Uganda yote. Nami nilikuwa mmoja wa makarani waliopita nyumba kwa nyumba hapa Kampala. Katika nyumba moja ya Katwe nilimkuta bibi mmoja akimenya ndizi barazani. Kabla sijafungua karatasi zangu akaniambia, "Andika upesi, mwanangu. Tuko saba, wote wazima. Hapa kwangu hakuna kilema."

Nikamjibu, "Vema, Jjajja, lakini nimeagizwa nimwulizie kila mtu mmoja mmoja." Basi nikaanza na mumewe. Je, mzee anapata taabu kuona, hata akivaa miwani? Bibi akacheka. "Huyo? Huu mwaka wa pili haoni mlango ulipo. Lakini si kipofu, ni uzee tu." Tukafika kwa mjukuu wa kike, mtoto wa miaka tisa. Je, anapata taabu kusikia? "Hasikii mpaka umguse bega," akasema bibi. "Lakini si kiziwi. Ni mkaidi."

Neno lile lilinichoma. Nilipokuwa mdogo, katika shule ya kwanza niliyosoma, kabla sijaja hapa kwetu, sikio langu la kushoto lilikuwa halisikii vizuri. Mwalimu akiita kutoka upande ule, sikumwitika. Nikaitwa mkaidi, nikaadhibiwa kwa ukaidi mwaka mzima. Katika mwaka ule wote hakuna aliyeniuliza kama nasikia.

Basi mnaona, ndugu zangu, ilivyokuwa. Kama ningaliuliza tu, "Je, kuna kilema hapa?" ningaliandika "Hakuna," na kuondoka. Watu wawili wangalipotea katika hesabu ya taifa. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Serikali haiwezi kumtafutia mwalimu wala dawa mtu ambaye hayumo katika daftari.

Maswali yale yalitoka wapi? Hapa ndipo penye habari yenyewe. Kwa muda mrefu kila nchi ilihesabu watu wenye ulemavu kwa njia yake, na majibu hayakulingana. Nchi nyingine iliuliza juu ya vipofu na viwete, nyingine juu ya magonjwa. Watu wengi waliona haya kujitaja, na wengine, kama bibi yule, hawakudhani kuwa neno lile linawahusu. Mwaka 2001 Umoja wa Mataifa ukaanzisha kundi la wataalamu wa takwimu wa nchi mbalimbali, liitwalo Kundi la Washington, ili watafute maswali yatakayofaa popote duniani. Vyama vya watu wenye ulemavu navyo viliingia katika mazungumzo hayo. Maswali yakaandikwa, yakajaribiwa kwa watu wa lugha nyingi, yakarekebishwa. Mwisho, tarehe 10 hadi 13 Oktoba 2006, siku moja tu baada ya sikukuu yetu ya Uhuru, kundi hilo lilifanya mkutano wake wa sita hapa hapa Kampala, na maswali sita yakakubaliwa.

Maswali hayo huuliza kama mtu anapata taabu kuona, hata akivaa miwani. Kusikia, hata akitumia chombo cha kusikilizia. Kutembea au kupanda ngazi. Kukumbuka au kukaza fikira. Kujihudumia mwenyewe, kama kuoga na kuvaa. Na kuelewana na wenzake kwa lugha yake ya kila siku. Kila swali lina majibu manne: hapana taabu, taabu kidogo, taabu nyingi, hawezi kabisa. Hesabu yetu ya mwaka 2014 ilichukua manne ya kwanza. Tazameni kuwa neno ulemavu halimo hata mara moja. Mtu haulizwi yeye ni nani. Aulizwa anaweza kufanya nini. Hapo aibu huondoka, na kweli hutoka.

Sasa tazameni namba. Hesabu ya watu ya Uganda ya mwaka 2002 iliona watu wenye ulemavu kuwa kama 3.5 katika kila 100. Hesabu ya mwaka 2014 iliona 12.4 katika kila 100 ya watu wenye umri wa miaka 2 na zaidi, yaani kama mtu mmoja katika kila wanane. Je, walemavu waliongezeka mara tatu kwa miaka kumi na miwili? La, hasha! Wengi wao walikuwapo siku zote, ila hawakuulizwa ipasavyo. Lakini tujihadhari pia. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2006 ulipata kama 20 katika kila 100 ya wenye miaka 5 na zaidi, ukiwatia ndani hata wenye taabu kidogo tu. Kundi la Washington lashauri mpaka uwekwe kwenye "taabu nyingi." Kwa hiyo, mkisoma namba yoyote, ulizeni kwanza: swali lilikuwa nini, na mpaka uliwekwa wapi?

Tena maswali sita si dawa ya kila kitu. Hayaoni vizuri maradhi ya akili na huzuni, wala hayawafai sana watoto wadogo. Ndiyo sababu mwaka 2016 kundi hilo, pamoja na UNICEF, lilitoa maswali mengine kwa ajili ya watoto wa miaka 2 mpaka 17.

Kazi ya namna hii haifanywi na mtu mmoja. Jifya moja haliinjiki chungu. Mtaalamu wa takwimu ajua kuhesabu, lakini hajui ni neno gani humfanya mama afiche mtoto. Mwenye ulemavu ajua hilo, lakini hana makarani wa kupeleka nchi nzima. Serikali ina makarani na sheria, lakini bila hao wawili itauliza vibaya na kutunga sheria kwa kubahatisha. Katika Uganda mafiga hayo matatu yapo. Umoja wa vyama vya watu wenye ulemavu, NUDIPU, uliundwa mwaka 1987. Katiba ya mwaka 1995 ilitaja haki zao na kukuza lugha ya ishara, na Bungeni wana wabunge watano wa kuwasemea. Mwaka 2008 Uganda iliridhia mkataba wa dunia wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 31 chaagiza takwimu zikusanywe, na mwaka 2020 ikapatikana sheria mpya badala ya ile ya 2006. Sheria ikiwapo, namba ndiyo inayosema ni madawati mangapi, walimu wangapi, ngazi zipi zibomolewe.

Ninyi mlio madarasani hamna haja ya kungoja hesabu nyingine ya watu. Mwenzenu anayekaa mbele kila siku na kunakili kutoka daftari la jirani, mwulizeni kama anaona ubao. Yule asiyeitika, msimwite mkaidi kabla ya kumwuliza kama anasikia. Wala msidhani kuwa jambo hili ni la wengine. Hujafa, hujaumbika.

Nilipomaliza kuandika siku ile, bibi aliniuliza, "Sasa huyu mtoto mtamfanya nini?" Nikamwambia kweli: mimi ni karani tu, sina dawa, ila leo ameandikwa. Akanyamaza kidogo, kisha akamwendea mjukuu wake, akamgusa bega kwa upole, akamwonyesha kwa mkono kwamba ndizi ziko tayari kupikwa.