Vipele vya Ndevu Si Uchafu wa Askari

Kila alfajiri, kabla ya gwaride, askari hushika wembe akanyoa ndevu, kwani ndivyo nidhamu itakavyo. Lakini wapo wenzetu ambao wakisha kunyoa huota vipele vyenye kuwasha na kuuma, kidevuni na shingoni, hata wakadhaniwa kuwa wachafu au wavivu. Dhana hiyo si ya haki.

Chanzo ni nywele zenyewe. Nywele za kipilipili hukua kwa kujipinda. Zikatwapo karibu mno na ngozi, ncha zake hubaki kali kama mkuki, zikarudi kuichoma ngozi na kuingia ndani. Hapo mwili huzipinga kama adui, na ngozi huvimba. Maradhi haya hayaambukizi, lakini hurudi kila mara, na yakipuuzwa huacha makovu.

Tufanyeje? Vipele vikizidi, tuuweke wembe chini kwa majuma manne hivi. Baadaye tulainishe ndevu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tunyoe kwa kufuata nywele zinavyolala, bila kuivuta ngozi. Mashine ya kunyolea iachayo ndevu fupi ni bora kuliko wembe. Vipele tusivitumbue, wala wembe tusiazimane, kwani damu huweza kueneza UKIMWI na homa ya ini.

Mwenye usaha amwone mganga wa kikosi, aombe cheti cha kutonyoa kwa muda. Nasi tunawasihi makamanda wakiheshimu cheti hicho, kwani mgonjwa si mvunja nidhamu.