Heda katika Corolla Kuukuu

Katika njia panda ya Tinde, ambapo barabara itokayo Nzega hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Shinyanga na Mwanza na wa pili ukishika njia ya Isaka na Kahama, hupita magari ya kila namna na kila umri. Na miongoni mwa yale yaliyozeeka bila ya kustaafu, Toyota Corolla 110, aghalabu yenye injini ya 5A-FE ya sentimeta za ujazo 1,498, ina heshima yake. Wenye magari haya, hususan vijana, wana shauku ya kuiondoa manifoldi ya ekzosi iliyotoka kiwandani, ile nzito ya chuma cha kusubu, na kuweka badala yake heda, yaani manifoldi ya mabomba marefu yaliyopindwa na kulehemiwa, kila silinda ikiwa na bomba lake. Kazi hii yaweza kufanyika uani kwa mtu mwenye spana njema na subira. Lakini rai yangu ni kwamba faida yake, ambayo kwa injini ndogo si kubwa, hupatikana au hupotea katika jambo moja tu, nalo ni kuziba maungio yasivuje.

Moshi hautoki katika injini kwa mkondo mmoja kama maji ya mfereji, bali hutoka kwa mapigo. Kila vali ya kutolea moshi ifungukapo, wimbi la shinikizo hukimbia bombani, na nyuma yake hufuata shinikizo pungufu ambalo, likiifikia silinda ilhali vali yake ingali wazi, huvuta mabaki ya moshi na kuachia hewa safi nafasi ya kuingia. Injini hii huwasha silinda zake kwa utaratibu wa 1-3-4-2. Kwa hiyo heda ya nne-mbili-moja huunganisha kwanza bomba la 1 na la 4, na la 2 na la 3, kabla ya kuyafanya yote kuwa moja, kwa sababu silinda za kila jozi hazifuatani katika kuwaka, na pigo la moja haliji kulikabili la mwenziwe. Nguvu yake hudhihiri katika mwendo wa kati, ambao ndio mwendo wa safari zetu, na kwa ajili hiyo naipendelea kuliko ile iunganishayo mabomba yote manne mahali pamoja, ambayo huwafaa zaidi wenye mashindano. Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba atapata gari jipya: nchi ya Shinyanga imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na sehemu karibu moja ya kumi ya nguvu ya injini imekwisha kupotea kwa sababu hiyo pekee.

Taabu kubwa ya kazi hii imo katika kufungua, wala si katika kufunga. Manifoldi ya injini hii, kwa bahati njema, imeelekea mbele, upande wa rejeta, na mkono huifikia kwa wepesi. Lakini nati zake zimeungua na kupoa kwa miaka mingi hata kutu imezishika. Zipakwe mafuta ya kulainisha kutu tangu jioni ya kutangulia, kisha zifunguliwe kwa kwenda na kurudi, robo mzunguko kwa robo, injini ikiwa baridi. Stadi, yaani boliti inayoshika nati, ikikatika ndani ya hedi, yaani kichwa cha injini, ambayo ni ya aluminiamu na hutoboka kwa urahisi, afadhali kazi ikome hapo na aitwe fundi awezaye kulehemu nati juu ya kisiki chake. Waya wa betri uwe umefunguliwa, na gari, ikibidi kuingia chini yake, likae juu ya stendi za chuma: mawe ya granaiti, ambayo nchi hii haina uhaba nayo, huteleza na kupasuka bila ya kuonya, nayo si ya kukabidhiwa uhai wa mtu.

Kabla ya kufunga, uso wa heda upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka, maana joto la kulehemu huupinda. Ukiwa umepinda, usawazishwe. Gasketi iwe mpya. Nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha injini.

Wengi hulidharau jambo hili la kuziba maungio, nami nalisisitiza. Ufa mdogo kabla ya sensa ya oksijeni, baina ya pigo na pigo, huvuta hewa ya nje. Sensa hudhani kuwa petroli imepungua, kompyuta huongeza, na mwenye gari hulaumu heda kwa kula mafuta ilhali kosa ni la gasketi. Tena moshi uvujao una kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikipenya ndani ya gari huua abiria waliolala.

Baada ya safari fupi ya kwanza, injini ikiisha kupoa, nati zikazwe upya, kwani gasketi hujibana kwa joto. Na itazamwe vilevile nafasi kati ya bomba na ardhi, maana barabara za vumbi ziendazo migodini zina mawe yatakayoligonga. Ikionekana alama nyeusi ya masizi kwenye maungio, isishindiliwe nati kwa nguvu zaidi: ifunguliwe, uso upimwe tena, na gasketi nyingine iwekwe.