Anayetaka Ndege Amwekee Maji na Amani

Wahenga walinena kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba hiyo humzuia asirudi alikotoka mpaka atakapoyazoea makao ya mwenyeji wake. Ndege wa mwituni, kwa upande wake, hafungiki. Hanunuliwi sokoni wala haamrishwi. Anayetamani mnana, mbayuwayu au yangeyange azae karibu na makao yake hana budi kuyatimiza masharti ya ndege huyo, kisha angoje. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba kungoja huko si uvivu bali ni elimu, na kwamba nchi ya Mto Tana, hasa Garsen na vijiji vinavyoizunguka, ni darasa bora la elimu hiyo. Nakusudia pia kuonyesha kwamba darasa hilo limo hatarini.

Tuanze na mnana, ndege mdogo wa manjano ambaye kila mwanafunzi wa pwani anamfahamu. Dume hufuma kiota kwa majani mabichi akitumia mdomo na makucha tu. Akimaliza huning'inia chini ya kiota hicho huku akipiga mabawa kumwita jike. Jike huingia, akakagua, na asiporidhika huenda zake. Katika baadhi ya jamii za mnana, kiota kikikauka kabla ya kukubaliwa, dume hukivunja kwa mdomo uleule uliokifuma, akaanza upya. Hivyo ndivyo mti mmoja unavyogeuka kuwa kijiji kizima cha ndege. Aghalabu mti unaochaguliwa ni ule ulio karibu na nyumba za watu au unaoinamia maji, mahali ambapo nyoka na mwewe husita kufika.

Ni nani aliyewaita ndege hao? Hapana aliyewaita. Waliuona mti usiokatwa, wakapata majani ya kufumia, na wakakuta watu wasiorusha mawe. Masharti hayo yakitimia huja wachache, na wachache huwavuta wengi, kwa kuwa ndege wa aina hii hupenda kuzaa penye wenzao. Masharti yakivunjwa, mathalani mti ukikatwa au watoto wakianza kuwalenga kwa manati, kijiji chote huhama bila kuaga.

Wako watu walioigeuza elimu hii kuwa kazi ya uani. Amerika Kaskazini yuko mbayuwayu mkubwa ambaye dume lake lina weusi unaong'aa zambarau. Alexander Wilson, mtaalamu wa ndege aliyefariki mwaka 1813, aliandika kwamba Wachoctaw na Wachickasaw, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walikuwa na desturi ya kuyapunguza matawi ya mti mchanga karibu na vibanda vyao, wakaacha vishikizo vifupi, na katika kila kishikizo wakatundika kibuyu kilichokombwa. Mbayuwayu wakaja kuzaa humo. Desturi hiyo ilienea hata kwa wageni kutoka Ulaya, na leo, mashariki ya milima ya Rocky, ndege hao hutegemea karibu kabisa vibuyu na vijumba vinavyotundikwa na binadamu.

Pamoja na hayo, kazi yenyewe si ya pupa. Ndege huyo huhamia Amerika Kusini wakati wa baridi, na yule aliyekwisha kuzaa mahali fulani hupenda kurudi palepale mwaka unaofuata. Kwa hiyo anayeanzisha makao mapya huwategemea zaidi ndege wachanga ambao bado hawana kwao. Huweka nguzo yake mahali peupe, mbali na matawi yanayoweza kumpa adui njia. Huwazuia shomoro na kwenzi walioletwa kutoka Ulaya katika karne ya 19 wasivinyakue vijumba. Hata baada ya kufanya yote hayo, huenda akangoja miaka kadhaa kabla ya kupata jozi ya kwanza.

Turudi sasa nyumbani. Kusini kidogo ya Garsen, karibu na daraja la Mto Tana, kuna Idsowe. Hapo, na katika Ziwa la Matomba, ndege wa majini huzaa kwa pamoja juu ya miti na vichaka vinavyosimama majini: yangeyange, korongo, mnandi, mbizi, kwarara na domomwiko. Wataalamu wamepata kukadiria hadi jozi 5,000 za aina zisizopungua 13 katika makao ya namna hiyo kwenye delta. Mahali pa kuzalia ndege wa majini kwa wingi kiasi hicho ni pachache mno nchini Kenya. Hii ni sababu mojawapo ya delta ya Tana, yenye ukubwa wa hekta 163,600, kuorodheshwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu duniani.

Vijumba vya Idsowe havikutundikwa na mtu. Fundi wake ni mafuriko. Mvua za masika na za vuli zinaponyesha katika nyanda za juu, mto hufura, ukavuka kingo zake na kutandaa mbugani. Samaki na vyura huzaana katika maji hayo ya kina kifupi, nayo miti iliyozingirwa na maji huwa ngome ambayo wanyama walao mayai hupata taabu kuifikia. Ndipo ndege hujenga. Maji yakidumu majuma ya kutosha, makinda huruka. Yakikauka mapema, chakula hupungua, adui hufika chini ya mti, na wazazi huweza kuviacha viota na makinda yaliyomo. Sharti la ndege wa Idsowe basi ni maji ya kutosha, kwa wakati wake, kwa muda wake. Hakuna kibuyu wala kijumba kinachoweza kuwa badala ya maji hayo.

Na maji hayo yana wenyewe wengi. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, yakafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, na kufikia mwaka 1988 mto huu ulikuwa umezuiwa mara tano ili kutoa umeme. Jiji la Nairobi nalo hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka katika vijito vinavyoulisha Tana. Sisemi kwamba taa zizimwe au mifereji ikauke mijini. Nasema kwamba mafuriko yaliyokuwa yakifika Garsen kwa kawaida yamepunguzwa nguvu, na kwamba anayeamua huko juu ni kiasi gani cha maji kifunguliwe, na lini, anaamua pia, ajue asijue, kama kutakuwa na makinda Idsowe.

Hapa napenda kukabili hoja ambayo hutolewa mara kwa mara, nayo ni nzito. Husemwa kwamba ndege wanathaminiwa kuliko watu. Mkulima wa Kipokomo aliyekaa juu ya dungu tangu alfajiri akiamia mpunga wake hana sababu ya kumshangilia kila kiumbe chenye mabawa. Kwelea huja kama wingu na kuondoka na jasho la msimu mzima. Hata mnana niliyemsifu hapo juu huchana majani ya mnazi na kudonoa nafaka. Isitoshe, mafuriko yanayowaneemesha ndege huweza kuwa msiba kwa watu: yale ya El Nino ya 1997 na 1998 yaliuharibu mradi mkubwa wa mpunga wa shirika la TARDA, na yale ya mwishoni mwa mwaka 2023 yaliwatoa watu makwao na kuikata barabara ya Lamu. Mwalimu atakayewahubiria wanafunzi mapenzi ya ndege bila kuyataja haya hatasikilizwa, wala hastahili kusikilizwa.

Hata hivyo, hoja hiyo huwachanganya ndege wasiofanana, na huwatenga ndege na maji yanayowaleta. Yangeyange halimi wala halaji mpunga. Chakula chake ni samaki, vyura na wadudu, na yule mdogo afuataye ng'ombe wa Waorma hula panzi wanaoruka kwa kishindo cha kwato. Jambo kubwa zaidi ni kwamba maji yanayosimama chini ya miti ya Idsowe ndiyo yaleyale yanayolainisha shamba la mpunga la Mpokomo, yanayootesha malisho ya kiangazi ya Morma na Mwardei, na yanayokuza samaki wa mvuvi. Maji yasipofika, anayeumia kwanza si ndege, maana yeye ana mabawa. Tunakumbuka kwa uchungu mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, wakulima na wafugaji walipouana na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Sababu zilikuwa nyingi, siasa ikiwamo, lakini ugomvi wa maji na malisho ulikuwa miongoni mwake. Ndege wanaozaa kwa amani ni dalili kwamba maji yamefika na yametosha.

Wako wakulima waliolifahamu hili zamani. Kusini mwa India kuna kijiji kiitwacho Vedanthangal, chenye ziwa dogo la kunyweshea mashamba. Kila mwaka maelfu ya ndege wa majini, jamaa za hawa wa Idsowe, huja kuzaa katika miti iliyo ziwani. Wanakijiji waligundua kwamba kinyesi cha ndege hurutubisha maji, na maji hayo huineemesha mipunga yao. Basi askari wa Kiingereza walipowapiga ndege hao risasi, wakulima walimwendea mkuu wa wilaya, Lionel Place, wakadai amri ya kuwalinda, wakaipata mwishoni mwa karne ya 18. Hawakutumwa na mtaalamu wala mtalii. Walitetea mashamba yao kwa kuwatetea ndege, na ndege wanaendelea kuja hadi leo.

Walimu na wanafunzi wa Garsen, na wa kwingineko, waweza kufanya nini? Nashauri mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi.

Mosi, shule iuhifadhi mti wake. Mti wenye viota usikatwe wala usipunguzwe matawi mpaka makinda yaruke, na manati zikomeshwe katika uwanja wa shule.

Pili, wanafunzi watundike vibuyu. Kibuyu kikavu kitobolewe tundu la duara ubavuni, na vitundu vidogo chini vya kutolea maji ya mvua. Kitundikwe juu ya nguzo laini ambayo nyoka hawezi kuiparamia kwa urahisi, mahali penye kivuli wakati wa mchana. Ndege wanaotaga matunduni, kama shomoro na baadhi ya kwenzi, huenda wakakikubali. Kwa ajili ya mbayuwayu, ambao hujenga kwa tope, yatosha kupigilia kibao chembamba chini ya paa na kuacha mahali pa kuchotea tope. Huenda kibuyu kikakaa kitupu mwaka mzima. Kisitolewe.

Tatu, na hili ndilo kubwa, pawe na daftari. Kila juma iandikwe tarehe, mvua, kima cha maji mtoni au ziwani, ndege walioonekana, na viota vilivyo na wenyewe. Mwaka mmoja wa kumbukumbu hautasema mengi. Miaka kumi itasema yale ambayo hakuna ofisi iliyoyaandika kwa ukaribu huo. Mipango ya kulima miwa kwa maelfu ya hekta katika delta ilifikishwa mahakamani mwaka 2008, na mwaka 2015 ukatolewa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta uliowashirikisha wakazi. Mabishano kama hayo hayatakuwa ya mwisho, na siku hiyo ikifika, mwenye daftari atakuwa na la kusema. Mtaala wa Umilisi unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Hili ni tendo ambalo halihitaji maabara.

Nne, wazee waulizwe. Wapokomo wana gasa, baraza lao la wazee. Waorma na Wawardei nao wana wajuzi wao. Hao wanajua mafuriko yalifika wapi, miti ipi ilikuwa na ndege, na maji yalikaa siku ngapi. Elimu hiyo haimo vitabuni, na kila mazishi huondoka na sehemu yake.

Msomaji atauliza, matunda ya haya yote yataonekana lini? Jibu langu ni kwamba hayataonekana upesi. Mwanafunzi wa Gredi ya Nne atakayetundika kibuyu mwaka huu huenda akaondoka shuleni kabla ndege hajaingia humo, na atakayeifungua kurasa ya kwanza ya daftari huenda asiwe ndiye atakayeisoma mbele ya hakimu au waziri. Tumezoea kuwafundisha vijana kazi ambayo matokeo yake hutolewa mwisho wa muhula. Hapana ubaya katika hilo. Lakini nchi inayotegemea mto inahitaji pia watu waliofunzwa kuweka mambo sawa, kisha wakangoja, wakayalinda yasiharibiwe kabla hayajakomaa. Subira huvuta heri, nayo subira hii ianze kufunzwa katika nyua za shule zetu, msimu huu, kabla ya mvua.