Picha za Pande Zote na Kosa la Mahali: Mambo ya Kuhakikishwa na Katibu wa Chama

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la mali za chama limeongezewa picha. Picha za ghala, za mashamba na za viwanja huambatanishwa na maombi ya mikopo, madai ya bima na madai ya fidia, na nyingi kati yake hubeba ndani yake namba zinazotaja mahali zilipopigwa. Jambo ambalo wanachama wengi hawalitambui ni kwamba namba hizo zaweza kuwa za uongo ilhali picha yenyewe ni ya kweli. Makala haya yaeleza sababu za kosa hilo, na hatua ambazo katibu apaswa kuzichukua kabla ya kuitia picha katika daftari.

UZITO WA JAMBO HILI MTUMBA

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba, mashariki ya jiji, mwezi Aprili 2019. Tangu hapo ardhi ya eneo hilo, ambayo wakulima waliizoea kwa mtama na uwele, imekuwa ardhi ya viwanja, majengo ya wizara na barabara. Barabara ya mzunguko ya nje ya Dodoma, iliyobuniwa kuwa na urefu wa kilomita 112.3, nayo imepangwa kupita Mtumba. Mahali pa namna hiyo, mita 20 zaweza kuwa tofauti kati ya kiwanja cha chama na kiwanja cha jirani, au kati ya kulipwa fidia na kuikosa.

VYOMBO VIWILI, SI KIMOJA

Kamera ya pande zote huwa na lenzi mbili au zaidi, kila moja ikitazama upande wake. Picha za lenzi hizo huunganishwa kuwa picha moja yenye nyuzi 360, nayo huweza kuzungushwa na mtazamaji kana kwamba amesimama pale pale. Mwaka 2019 watu wa kujitolea walipiga picha za namna hiyo Zanzibar, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ili mitaa ya visiwa hivyo ionekane katika ramani za intaneti. Chama cha ushirika nacho kinaweza kunufaika, kwa maana picha moja iliyopigwa katikati ya uwanja wa ghala yaonyesha mlango, uzio, njia na majirani wote kwa pamoja.

Lakini lenzi haijui ilipo. Mahali hutajwa na chombo kingine, yaani kipokezi cha GPS, ambao ni mfumo wa kutambua mahali kwa setilaiti. Kamera nyingi ndogo za pande zote hazina kipokezi chake zenyewe, bali huazima namba kutoka katika simu iliyo mfukoni mwa mpiga picha. Kwa hiyo picha ni shahidi wa kile kilichopo, si shahidi wa mahali kilipo. Mashahidi hao wawili wanaweza kupishana.

JINSI GPS INAVYOFANYA KAZI

Setilaiti za GPS huizunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200, na kila moja hutuma mawimbi yenye kutaja saa yalipoondoka. Kipokezi hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani, kisha hukadiria umbali. Setilaiti zisizopungua nne zahitajika. Kwa kuwa mawimbi hayo hukimbia kwa kasi ya nuru, kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na kosa la mita 300. Mahali peupe, penye anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Mahali pengine kosa huwa kubwa zaidi.

SABABU ZA KOSA

Kwanza, chombo kilichowashwa sasa hivi. Kipokezi huhitaji muda wa kuzipata setilaiti. Baadhi ya vyombo, badala ya kunyamaza, huandika mahali pa mwisho palipojulikana. Katibu aliyetoka Morogoro asubuhi anaweza kupiga picha ya ghala la Mtumba ikaandikwa kuwa ya Morogoro.

Pili, mwangwi wa mawimbi. Mawimbi yanapogonga ukuta mrefu au paa la bati hurudi na kumfikia mpokeaji kwa njia ndefu kuliko ile ya moja kwa moja, na kipokezi hudhani kwamba setilaiti iko mbali zaidi. Hali hii huonekana kando ya majengo ya ghorofa ya Mji wa Serikali, na katika vichochoro kama vya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Tatu, anga la juu. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme huyachelewesha mawimbi na mara nyingine huyatikisa, hasa saa za jioni baada ya jua kuchwa.

Nne, mwendo. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Namba ikichelewa sekunde mbili, picha itawekwa mita 34 nyuma ya mahali pake.

Tano, saa. Setilaiti hutumia saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Picha zinapounganishwa na kumbukumbu ya safari kwa kulinganisha saa, na kamera ikawa imetegwa saa ya hapa nyumbani bila tofauti hiyo kuzingatiwa, kila picha itapewa mahali ambapo mpiga picha alikuwa saa nyingine kabisa.

Sita, dira. Picha ya pande zote huhitaji kujua kaskazini iko wapi. Chuma cha gari au cha nguzo huipotosha dira, na jirani wa mashariki akaonekana kuwa wa magharibi.

MAKOSA YA UANDISHI

Makosa makubwa kuliko yote hutoka katika kalamu. Mtumba iko karibu nyuzi 6.2 kusini ya ikweta na nyuzi 35.9 mashariki. Kusini huonyeshwa kwa alama ya kutoa. Mwandishi akiisahau alama hiyo, ghala la chama litahamia kusini-magharibi ya Ethiopia. Akiibakiza alama lakini akabadilisha nafasi za namba mbili, ghala litaangukia katika bahari ya Atlantiki, karibu na mlango wa Gibraltar. Namba zikiwa sifuri zote mbili, litaelea katika Ghuba ya Guinea.

Liko pia kosa la ramani za zamani. Ramani nyingi za nchi zilizochorwa kabla ya GPS zilitumia mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84. Mahali pale pale, mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa karibu mita 300 kati ya kaskazini na kusini. Anayelinganisha namba za simu na ramani ya zamani bila kuzigeuza ataona kosa pasipo na kosa, au hataliona lililopo.

Wingi wa desimali nao usimhadae mtu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu mazao yatokanayo na ukataji wa misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, yataka namba za mashamba ya kahawa ziwe na desimali zisizopungua sita. Desimali ya sita ni sentimita 11 tu. Simu inayokosea kwa mita 5 inaweza kuandika desimali sita bila haya.

HATUA ZA KUCHUKUA

(a) Kabla ya kupiga picha, washa chombo mahali peupe na usubiri dakika chache mpaka kionyeshe kwamba kosa lake limepungua.

(b) Piga picha ya kwanza penye alama ambayo namba zake zinajulikana, kama vile jiwe la mpaka lililomo katika ramani ya upimaji. Tofauti itakayoonekana hapo itakuonya kuhusu picha zitakazofuata.

(c) Simama kimya kila unapopiga. Usipige kutoka ndani ya gari liendalo.

(d) Andika kwa mkono tarehe, saa, jina la mahali, na kitu kisichohama kilicho kila upande. Ongeza anwani ya jengo. Katika operesheni ya mwaka 2022 ya anwani za makazi na postikodi, majengo yalipewa namba na kuingizwa katika mfumo wa NaPA, na huo ni ushahidi wa tatu.

(e) Ofisini, fungua kila picha juu ya ramani. Ikiwa mbuyu uko kushoto kwa njia katika picha na kulia kwake katika ramani, picha hiyo isiingizwe bado.

(f) Usisahihishe kwa siri. Tunza picha ya asili kama ilivyo, uandike marekebisho kando, sababu yake na tarehe, kisha mwenyekiti na katibu watie sahihi. Mkaguzi akikuta namba imebadilishwa bila maelezo, ana haki ya kushuku hata zile zilizo sahihi.

Hatimaye ieleweke kwamba picha, hata iliyohakikishwa vema, haiweki mpaka. Kazi hiyo ni ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Chama ambacho kiwanja chake hakijapimwa kisijifariji kwa picha. Fedha ya upimaji iingizwe katika makisio na kupitishwa na mkutano mkuu, kabla jirani hajatangulia kupima cha kwake.