Engaruka: Udongo Ulionaswa kwa Mawe

Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika Wilaya ya Monduli, Mkoa wa Arusha, yapo magofu ya Engaruka. Mvua za huko ni chache mno kumhakikishia mkulima mavuno. Walakini kati ya karne ya 15 na ya 18 palilimwa mashamba yaliyoenea kiasi cha hekta 2,000. Wakulima hao hawakuacha maandishi yoyote. Habari zao zimo katika mawe, na katika mabaki machache kama punje za mtama zilizoungua.

Maji yalitoka katika mito iteremkayo kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Waliyachepusha kwa mifereji iliyojengewa mawe, nayo yakasambaa katika vitalu vilivyosawazishwa. Vijiji vyenyewe vilikaa mteremkoni, juu ya mashamba, kila nyumba ikiwa imechongewa kiwanja chake na kukingwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa.

Mwaka 1935 Louis Leakey alikadiria kwamba wakazi walikuwa kati ya 30,000 na 40,000. Wataalamu waliofuata wanaiona hesabu hiyo kuwa kubwa mno, kwa kuwa si lazima nyumba zote ziwe zilikaliwa kwa wakati mmoja, wala mashamba yote kunyweshwa katika msimu mmoja.

Lililo la ajabu zaidi liligunduliwa baada ya mwaka 2000, pale Daryl Stump alipochimba katika mashamba ya kaskazini. Kuta nyingine zilikuwa zimekingamishwa mbele ya maji. Maji yakipunguza mwendo hushindwa kubeba mchanga na tope, navyo hutua chini; ukuta ukishajaa, huinuliwa tena. Basi wakulima hawa hawakunywesha udongo tu, bali waliutengeneza. (Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa sinia lililoinamishwa, kokoto na maji ya matope.)

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo ya kabla ya 1863, na Engaruka imo. Hata hivyo wakulima wa leo huhitaji mto ule ule na ardhi ile ile, na shamba lenye mawe ni taabu kulilima. Ukuta ukibomolewa, mawe yatabaki, ila mpangilio wa tabaka nyuma yake hauwezi kurudishwa. Na ni katika tabaka hizo ambamo sababu ya watu kuhama ingali ikitafutwa: kama ni mito kupungua, au udongo kuchoka, au wageni kufika na mifugo yao.