Maumbo ya Misuli na Majina Yake

Mkulima wa Isongole ainuapo jembe, mifupa ya mkono wake haijiinui yenyewe. Huvutwa na misuli, yaani minofu iliyo chini ya ngozi. Katika mwili wa mwanadamu misuli tuiendeshayo kwa hiari hupita 600, na kila mmoja una umbo lake. Majina yake mengi yalitungwa zamani kwa Kilatini na Kiyunani, wala hayakutolewa ovyo. Jina hueleza umbo la msuli, au ukubwa wake, au mahali ulipo, au kazi yake.

Begani pana msuli wa pembe tatu. Wataalamu waliulinganisha na herufi kubwa ya Kiyunani iitwayo delta, ambayo nayo ina pembe tatu, wakauita deltoidi. Kazi yake ni kuinua mkono kwa upande.

Misuli mingine huitwa kwa idadi ya vichwa, yaani mianzo yake. Tafu ya mkono iliyo mbele ni baisepsi, maana yake vichwa viwili. Ya nyuma ni traisepsi, vichwa vitatu. Kunja kiwiko, ushike tafu ya mbele kwa mkono wa pili: utaiona inavimba na kuwa ngumu. Msuli huweza kuvuta tu, hauwezi kusukuma. Kwa hiyo wa mbele hukunja kiwiko, na wa nyuma hukinyosha.

Msuli mrefu kuliko yote hutoka nyongani, hukata paja kimshazari, hufika upande wa ndani wa goti. Huitwa satoriasi, kwa neno la Kilatini lenye maana ya mshonaji, kwa kuwa husaidia kukunja miguu kama walivyoketi washonaji wa kale. Nyuzi zake ni ndefu, zimelala sambamba. Msuli wa namna hii hujifupisha sana, lakini nguvu zake ni chache. Katika misuli mingine nyuzi ni fupi, zimepangwa kama unyoya wa kuku pande mbili za ukano. Hiyo hujifupisha kidogo, lakini nyuzi zake ni nyingi, basi nguvu zake ni kubwa. Mmojawapo uko mbele ya paja, nao humsaidia mtu apandaye mlima na mzigo.

Je, kuyajua majina haya kuna faida gani? Matakoni hupita mshipa mkubwa wa fahamu uendao mguuni. Sindano ikiuchoma, mguu waweza kulemaa. Kwa sababu hiyo mwuguzi sharti ajue hasa ni msuli gani audungao, na chanjo nyingi za watu wazima hudungwa katika deltoidi. Ng'ambo ya mto Songwe, katika nchi ya Malawi, husemwa pia lugha nyingine. Lakini mwuguzi wa huko akisoma jina la msuli katika barua ya mgonjwa aliyetoka Isongole, hajiulizi ni mahali gani. Jina lenyewe humwonyesha.