Umeme wa machimboni: Hesabu ianze kabla ya kufika Kariakoo

WACHIMBAJI wadogo wa madini hufuata jenereta, mota, pampu na nyaya katika maduka ya Kariakoo na Gerezani, jijini Dar es Salaam. Swali la kwanza dukani huwa ni bei. Hata hivyo, gharama kubwa ya umeme wa machimboni haiishii dukani, bali hulipwa kila siku kwa dizeli.

Kwa makadirio ya kawaida, jenereta hutumia takriban theluthi moja ya lita kuzalisha uniti moja ya umeme. Duara linalotumia kilowati 30 kwa saa 10 litahitaji karibu lita 100 kwa siku. Jenereta kubwa kupita mahitaji hutumia mafuta mengi zaidi kwa kila uniti, na injini yake hujaa masizi.

Kinachowafanya wanunuzi wachukue jenereta kubwa ni mota. Mota ya kilowati 15, ya njia tatu na volti 400, huvuta takriban ampia 28 ikiwa kazini. Inapowashwa moja kwa moja, huweza kuvuta mara sita ya kiasi hicho kwa sekunde chache. Stata inayobadili muungano wa nyaya za mota hupunguza mkondo huo hadi theluthi moja. Kwa kuwa nguvu ya kuzungusha nayo hupungua vivyo hivyo, karasha halina budi kuwashwa likiwa tupu.

Umbali nao una gharama. Volti zikiongezwa mara mbili, umeme unaopotea katika waya uleule hushuka hadi robo. Ndiyo maana umeme wa gridi ulifikishwa Geita kutoka Bulyanhulu kwa njia ya kilovolti 220, baada ya mgodi mkubwa wa huko, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, kutegemea mitambo yake ya dizeli kwa miaka mingi.

Kubana matumizi kusiguse pampu ya maji na feni ya hewa, kwani zikizimika, walio chini huwa hatarini. Jenereta nayo isiwekwe karibu na mdomo wa duara, kwa sababu moshi wake huua.

Hivyo, mnunuzi anapaswa kufika Kariakoo akiwa na orodha ya mashine zake, kilowati za kila moja, saa za kazi na urefu wa nyaya, iliyohakikiwa na fundi mwenye leseni ya EWURA.